Harufu ya petroli kwenye boti: uanze na nini, uguse nini mwisho

Ilikuwa Jumamosi saa moja asubuhi, bichi ya Dunga, Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Ziwa limelala kimya, wavuvi wa omena wanarudi na taa zao zimezimwa. Wageni wangu watatu kutoka Nakuru walikuwa wameshavaa jaketi za kuokolea, tayari kwa matembezi ya kisiwa cha Ndere. Boti yangu ni ya faiba, urefu mita 6, injini ya kufungwa nyuma yenye nguvu za farasi 40, na tangi la lita 70 lililofichwa chini ya sakafu. Nilipokanyaga ndani nilisikia harufu ya petroli, na haikuwa ile hafifu inayobaki mtu akishajaza mafuta. Nikafunua kifuniko cha ngama, yaani kishimo cha chini kabisa ambamo maji ya boti hukusanyika, nikaona maji yanang'aa rangi za upinde wa mvua.

Shemeji yangu, mtu asiyeweza kuona kazi akaiacha, alinyoosha mkono kwenye swichi ya pampu ya kutolea maji. Nilimshika kifundo cha mkono kwa nguvu hata akanuna.

"Shem, nataka tu kutoa haya maji."

"Shem, ukibonyeza hapo tutatoka sisi kabla ya maji."

Petroli iliyomwagika hukaa hapo ikingoja cheche, na cheche yenyewe mara nyingi huletwa na mkono wa anayetaka kusaidia: huyu anawasha pampu, yule anajaribu injini "tuone kama inashika", mwingine anachomoa waya wa betri. Kwa hiyo katika kazi hii mpangilio wa hatua una uzito kuliko ufundi wenyewe. Paipu yoyote fundi wa kawaida ataibadilisha. Kujua cha kutogusa katika dakika tano za kwanza ndiko kunakookoa boti na waliomo.

Mvuke, si majimaji

Petroli ya majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, na petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kisumu mchana nyuzi 30 ni jambo la kawaida, basi piga hesabu mwenyewe. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi ukapeperushwa, unateremka, unajaa ngamani, chini ya viti, ndani ya sanduku la betri, na kutuama humo kama maji ndani ya beseni. Ukishafika takriban asilimia 1.4 ya hewa ya mahali hapo, cheche ya swichi ndogo inatosha. Gari likivuja, mafuta hudondoka chini na upepo ukaondoka na mvuke. Boti imeundwa isipitishe kitu kwa chini, na mvuke nao hauna pa kupitia.

Ndiyo maana asubuhi tulivu inanitia wasiwasi kuliko alasiri. Saa nane mchana, upepo wa ziwa ukianza kuvuma kuelekea mjini, walau unafagia. Saa moja asubuhi hakuna wa kufagia.

Mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa sana. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan karibu na Molo, hukohuko Nakuru, lori la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Nilipotaja jina hilo wageni wangu walishuka kwenye boti bila kuambiwa mara ya pili.

Dizeli ni tulivu zaidi, kwa kuwa haitoi mvuke wa kuwaka hadi ipite nyuzi 50 hivi. Ikivuja ni uchafu na hasara, lakini haraka yake si ya petroli.

Pua nayo ina udhaifu wake. Ukikaa ndani ya harufu kwa dakika chache inazoea, ukadhani imeisha. Usijiamini. Mwite mtu ambaye hajakaribia boti, anuse yeye.

Harufu ikikukuta katikati ya ziwa

Sisi tulikuwa bado tumeegesha, bahati yetu. Ukiwa umeshaondoka, fuata hivi, wala usiruke hatua:

1. Zima injini kwa ile kamba ya usalama inayofungwa mkononi au kiunoni. Ukishazima, mikono iwe mbali na swichi zote: pampu, taa, redio, mashine ya kutafuta samaki, chaji ya simu.

2. Zima kila kinachowaka. Sigara watu huikumbuka. Jiko la makaa la kuchomea ngege huwa wanalisahau, na wapo wanaolibeba kwenye matembezi. Jiko hilo lisibaki botini hata kidogo. Liende majini, makaa na sufuria yake.

3. Tupa nanga kupitia mbele. Boti itageuka, pua ielekee upepo unakotoka, na mvuke usukumwe nyuma. Peleka watu wote mbele, wakae, kila mmoja na jaketi iliyofungwa vizuri. Mahali penye kina kirefu nanga isipofika chini, iache ining'inie. Hata hivyo itapunguza mwendo wa kukokotwa na upepo.

4. Funga vali ya tangi. Kama tangi lako ni lile la kubebeka la lita 24 au 25, chomoa paipu kwenye tangi. Hapo umekata mto kwenye chemchemi yake.

5. Fungua vifuniko vyote kwa mkono, taratibu, bila kugonga chuma kwa chuma. Usisimame juu ya tundu unalofungua.

6. Acha betri kama ilivyo. Kuchomoa waya wa betri ndani ya mvuke ni kutengeneza cheche kwa mkono wako mwenyewe. Isipokuwa swichi kuu iko juu, nje kabisa, mbali na harufu. Hiyo unaweza kuizungusha.

7. Nenda mbele kabisa, upande upepo unakotoka, ndipo upige simu. Namba za dharura ni 999 na 112, lakini ukweli ni kwamba boti ya uvuvi iliyo karibu itakufikia kwanza. Weka namba ya mwenyekiti wa bichi yako kwenye simu kabla ya safari. Atakayekuja kukuvuta mwambie kwa sauti, akiwa bado mbali, kwamba una petroli imemwagika: asogee kwa kasia, asije na injini ikinguruma ubavuni mwako.

Halafu mnasubiri, au mnapiga kasia. Majaribio ya "niiwashe kidogo tu tufike" hayana nafasi, hata kama gugumaji linakuja na jua linakuchoma.

Moto ukishika, mtungi wa poda au povu unalengwa kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake. Usimwage maji, petroli itaelea juu yake na kutembea na moto. Ukiona injini inaungua ndani ya kifuniko chake, usikifungue wazi, maana unaulisha hewa. Puliza poda kupitia mwanya. Mtungi mdogo huisha kwa sekunde chache, kwa hiyo ukiisha na moto bado upo, ruka upande wa upepo unakotoka, kwa sababu petroli inayowaka juu ya maji inasafiri upepo uendako. Viboko? Wapo, hasa karibu na matete. Lakini kati ya kiboko anayeweza kuwa hapo na moto ulio hapo, mimi najua nitakayemwogopa kwanza.

Chagua pa kutua

Dunga akina mama wanakaanga samaki karibu kabisa na maji, na kuni zinawaka tangu alfajiri. Boti inayovuja ikisogezwa hapo kwa sababu "ndipo watu walipo", umebeba tatizo lako umelipeleka jikoni kwa mtu. Soma moshi wa majiko: unakoelekea ndiko mvuke wako utakakoelekea. Itue boti upande ule moshi unakokwenda, mbali, ili mvuke usipite juu ya moto. Wafukuze watoto, na umwombe mzee mmoja anayesikilizwa akae kama mlinzi. Asubuhi ile jaduong' mmoja alichukua kiti chake akakaa hatua kumi kutoka kwenye boti, na kila aliyekuja na sigara alirudishwa kwa jicho tu.

Boti tuliisukuma kwa mikono, umbali wa kama mita 60 hivi. Tukaifungua vifuniko, tukaiacha saa nzima.

Kukausha bila kulichafua ziwa

Pampu nyingi za ngama zina swichi ya kuelea inayojiwasha maji yakipanda, hata swichi kuu ikiwa imezimwa. Kwa hiyo usiongeze maji ngamani kwa nia ya kusuuza, unaweza kuiamsha. Na hata isingekuwa na cheche, inachotema ni petroli kwenda ziwani. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Kisumu yanavutwa kutoka ziwa hilihili, hapa hapa Dunga. Unayotema leo yanakungoja nyumbani.

Chota kwa kikopo cha plastiki na sifongo, umimine kwenye debe lenye kifuniko. Yanayobaki yafyonze kwa matambara ya pamba. Ukikosa matambara ya kutosha, maranda ya mbao yanafaa, na kutoka Ahero maganda ya mpunga hayakosekani. Yaliyolowa yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, uvulini, mbali na nyumba. Usiyarundike pembeni mwa boti ukaenda kunywa chai.

Sabuni ya unga ndiyo inayopendwa na wengi: nyunyiza, koroga, rangi zinapotea, kila mtu anafurahi. Petroli haijaenda popote. Imevunjwa vipande vidogo ikazama pamoja na sabuni, na humo ndimo samaki wanamotaga. Osha ngama kwa sabuni baada ya kukausha kabisa, nchi kavu, na maji hayo uyachote pia.

Kutafuta tundu

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima, kwa sababu mafuta yanaonekana mahali pamoja na yanatoka mahali pengine. Boti yetu ilikuwa imeegeshwa pua juu ya mchanga, nyuma majini, kwa hiyo kila tone lilikuwa limeteremka hadi chini ya injini. Shemeji alishaanza kukifungua kiungio cha paipu ya injini. Kilionekana kina hatia, lakini hakikuwa nayo.

Kabla ya kushika spana, jiulize: inavuja lini? Swali hilo hupunguza kazi nusu.

Ikivuja baada ya kujaza tu, hasa ukijaza hadi juu, shuku paipu ya kujazia, ile nene inayotoka kwenye kifuniko hadi tangini, au gasketi ya kipimo cha mafuta kilichokaa juu ya tangi. Sehemu hizo hazigusi mafuta tangi likiwa nusu. Boti inaweza kukaa mwezi mzima kavu, ikavuja siku ya safari ndefu pekee.

Ikivuja ikiwa imeegeshwa juani bila mtu kuigusa, angalia mambo mawili. Tangi la kubebeka lina skrubu ndogo ya kupumulia kwenye kifuniko. Ikifungwa na paipu ikaachwa imeunganishwa kwenye injini, jua linapasha tangi, shinikizo linapanda, na petroli inasukumwa kwenye kabureta, kile kifaa cha injini kinachochanganya mafuta na hewa, mpaka inafurika. Nimeona watu wakibadilisha kabureta nzima kwa kosa la skrubu. Fungua skrubu wakati wa safari, na ukiegesha chomoa paipu. Jambo la pili ni tangi lililojazwa pomoni. Petroli hutanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto. Mafuta yaliyotoka kwenye tangi la ardhini la kituo yakiwa baridi, yakapanda nyuzi 15 juani, lita 70 zinaongezeka lita moja nzima. Lita hiyo lazima ipate pa kwenda. Jaza hadi asilimia 90, usitamani zaidi.

Ikivuja ukibonyeza pampu ya mkono, yaani kile kidonge cha mpira katikati ya paipu, basi tatizo liko kwenye njia ya mafuta: paipu, viungio, filta au injini yenyewe. Pampu hiyo ni chombo kizuri cha uchunguzi kuliko watu wanavyodhani. Ishike wima, mshale uliochorwa juu yake ukitazama juu na kuelekea injini. Bonyeza hadi iwe ngumu. Isipokuwa ngumu kabisa, kuna mahali inavuta hewa au inatoa mafuta, au vali zake za ndani zimekufa. Ikiwa ngumu kisha ikalegea polepole, fuata paipu kwa kidole na kitambaa cheupe, sentimita kwa sentimita. Kidonge chenyewe kikipasuka huanza kwa mistari midogo kama kisigino kilichokauka.

Kuna uvujaji unaowachanganya hata mafundi: injini inakata kwa kasi kubwa, inanguruma vizuri polepole, na hakuna tone popote. Kati ya tangi na pampu ya injini, mafuta huvutwa, hayasukumwi. Tundu dogo hapo, injini ikiwa inafanya kazi, halitoi petroli, linaingiza hewa. Ukizima na kubonyeza pampu ya mkono ndipo tone linajitokeza. Mara nyingi mkosaji ni oringi ya kiungio cha kuchomeka, kipete cha mpira kisichozidi ukucha. Kinakauka, kinabapa, kinachanika. Beba viwili vya akiba daima.

Kwenye injini yenyewe, petroli ikidondoka kutoka kwenye kabureta, kwa kawaida sindano ya boya imeshikwa na uchafu na haifungi. Gonga bakuli la kabureta kwa mpini wa bisibisi. Ikiacha, umejua, lakini bado unahitaji kuifungua na kuisafisha. Uvujaji mwingine hauonekani nje kabisa: ngozi ya pampu ya mafuta, yaani kiwambo chembamba kilicho ndani yake, ikitoboka, petroli inaingia ndani ya injini. Kwa injini za mipigo minne, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa imepanda kupita alama na inanukia petroli, usiiwashe. Badilisha ngozi hiyo, kisha oili.

Zikishindikana zote, na harufu iko kila siku, tangi likiwa limejaa au nusu, basi ni tangi. Matangi ya alumini huanza kuoza chini, mahali maji yanapotuama au sponji yenye unyevu inapoligusa, na yanaoza haraka zaidi vipande vya shaba vikifungwa moja kwa moja kwenye alumini.

Kwetu jibu la "lini" lilikuwa wazi: nilijaza jioni ya Ijumaa, pomoni, kwa tamaa ya kufika Ndere na kurudi. Tulipangusa kila kitu kikakauka. Nikanyunyiza poda ya mtoto kuzunguka paipu ya kujazia na juu ya tangi, nikaongeza mafuta taratibu kwa faneli. Poda hubadilika rangi palipopita unyevu, na dakika chache baadaye kulikuwa na mstari kama njia ya konokono, ukishuka kutoka chini ya klipu ya chini. Klipu ilikuwa ya chuma cha kawaida, imeota kutu, na ukingo wake ulikuwa umeikata paipu nusu mzingo. Kutoka hapo hadi dimbwi lilipoonekana ni mita 2 na nusu.

Paipu ambayo haijatoboka nayo inaweza kuwa imechoka. Pangusa kwa kitambaa safi kikavu, kisha nusa kitambaa. Kikinukia petroli, mpira unapitisha mvuke hata kama hakuna tone.

Kurekebisha, na mambo ya mkato

Nunua paipu ya mafuta ya boti. Tafuta maandishi yaliyochapwa ubavuni mwake: ISO 7840 ni ile iliyotengenezwa kustahimili moto kwa dakika mbili na nusu, muda wa kutosha wa kuruka au kuzima. Madukani utaonyeshwa paipu ya plastiki angavu, "hii hata unaona mafuta yakipita, boss." Inapendeza wiki ya kwanza. Kisha inakakamaa, inasinyaa, inateleza kutoka kwenye klipu yake.

Klipu ziwe za chuma kisichoota kutu, na hapo muuzaji anaweza kukudanganya bila kujua: mkanda ni mzuri, skrubu ni ya chuma hafifu. Nenda na sumaku ndogo. Skrubu ikirukia sumaku kwa nguvu, irudishe. Paipu ya kujazia ifungwe klipu mbili kila upande, skrubu zake zikitazama pande tofauti. Kaza hadi mpira ushike, usiukamue ukatokeza kwenye matundu ya klipu. Huo ndio mwanzo wa kukatika kama ilivyokatika yangu. Ukihitaji kulainisha paipu iingie, tumia maji ya sabuni, si grisi. Na paipu iteremke moja kwa moja hadi tangini bila tumbo katikati, kwa kuwa tumbo hilo hubaki na mafuta wakati wote.

Tepu nyeupe ya mafundi wa bomba usiiweke kwenye njia ya petroli. Nyuzi zake hukatika zikaziba matundu ya kabureta. Gundi ya silikoni hulainika ikabanduka. Vipande vya tyubu ya baiskeli, dawa ya kila ugonjwa huku kwetu, huvimba vikilowa petroli na kulegea. Mkato mmoja ninaoukubali ni kipande cha sabuni ya kufulia: petroli haiyeyushi sabuni, na ukiisugua kwa nguvu kwenye ufa mdogo wa tangi la chuma unapata muda wa kulihamisha tangi mbali na watu. Si dawa ya kuendelea na matembezi.

Sasa tangi lililotoboka. Usilipeleke kwa mchomeleaji wa jua kali, hata ukiwa umelimwaga, ukalisuuza na kulianika siku mbili. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lililojaa lina nafasi ndogo ya mvuke, na tupu ni mvuke mtupu. Nimewahi kusimama mbele ya fundi aliyeniambia "nitalijaza maji nusu, hakuna shida." Kuna shida: ile nusu nyingine. Nililibeba tangi nikaondoka, akanicheka. La plastiki halishiki gundi kwa uhakika, libadilishe. La alumini lililoanza kuoza mahali pamoja limeanza kuoza mahali pengine, kwa hiyo nalo libadilishe.

Kujaribu kabla ya abiria

Tulianza na lita 5, tukangoja nusu saa, karatasi ya chooni imezungushwa kila kiungio. Karatasi ndiyo inayosema kweli. Doa dogo linaonekana hata usiku. Kisha lita 20. Kisha tukaongeza hadi asilimia 90 na kuitikisa boti huku na huku kama wimbi la Mbita, kwa sababu paipu yangu ilivuja pale tu mafuta yalipoifikia shingo. Pampu ya mkono tukaibonyeza ikawa ngumu, tukaiacha robo saa, ikabaki ngumu.

Jaribio la mwisho ni la pua. Funga vifuniko vyote kwa saa nzima, halafu mwite mtu aliyekuwa mbali aje afungue na kunusa ndani ya ngama. Tulimwita kijana mmoja aliyekuwa anaparua magamba ya mbuta, nikagundua kosa langu alipoinama: huyo alikuwa hanusi kingine ila samaki. Tukamtafuta mwingine.

Injini iliwashwa mara ya kwanza vifuniko vikiwa wazi, abiria nchi kavu, mtungi wa kuzimia moto mkononi mwa shemeji, nje ya boti. Mwenye injini ya ndani ana hatua ya ziada kila siku, si siku ya matengenezo tu: feni ya kutolea mvuke iende dakika 4 kamili kabla ya kuwasha, na kabla ya feni yenyewe, fungua na unuse. Ukiona majimaji ya petroli ngamani, hata feni usiiguse.

Kuanzia siku hiyo tangi la kubebeka la akiba hulijazia nje ya boti, chini kwenye udongo, mdomo wa paipu ya pampu ukigusa shingo ya tangi ili umeme tuli usiruke. Na kila mwezi napitisha kitambaa.

Ndere tulikwenda Jumapili. Kabla ya kuondoka Jumamosi ile niliikata paipu kuukuu vipande vya urefu wa kidole, na shemeji akashangaa kwa nini naiadhibu. Dunga hakuna kinachotupwa. Ningeiacha nzima, jioni ingekuwa imefungwa kwenye boti ya mtu mwingine.